Chupa za Mjomba Isihaka

Mjomba wangu Isihaka alikuwa na uma wa samaki na uma wa nyama, na ole wako uchanganye. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili usije ukaniuliza baadaye hasira zangu zimetoka wapi. Mtu aliyezaliwa Kwampembe, huku Handeni, akalelewa kwa makande na mlenda, akachunga mbuzi wa watu, anamfokea mpishi mbele ya wageni eti uma umekaa kushoto badala ya kulia. Nimeyaona kwa macho yangu haya, sikusimuliwa.

Mimi naitwa Tatu, binti Zuena. Mama na mjomba ni tumbo moja, mama ndiye mkubwa. Kwetu Wazigua mjomba si mtu wa kutembelewa sikukuu tu. Watoto wa dada yake ni watoto wake, na njaa ikiingia nyumbani, mlango wa kwanza kugongwa ni wake, naye hakuulizi umefuata nini. Halafu mjomba huyu alisomeshwa kwa mahari ya mama. Kila alichotoa baba yangu kilikwenda shule Korogwe, kikamnunulia Isihaka kaptula, madaftari na blanketi la bweni. Mama alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa fahari. Mimi nalisimulia kwa uchungu.

Baada ya Azimio la Arusha, serikali ilipotaifisha mashamba ya mkonge, mzungu aliyekuwa meneja wa shamba moja kando ya Mto Pangani, nje kidogo ya Korogwe, aliondoka na mke wake na mbwa wake. Nyumba aliiacha na vyote vilivyokuwemo. Mjomba alikuwa karani pale, akapewa umeneja. Kwampembe tulichinja mbuzi siku hiyo, tukacheza ngoma, wazee wakasema sasa kuna mtu wetu. Mama alicheza mpaka kanga ikamdondoka.

Chini ya nyumba ile kulikuwa na chumba cha mawe, cha baridi, na humo ndimo mzungu alimokuwa akilaza mvinyo wake. Nasema kuulaza kwa sababu ndivyo mjomba mwenyewe alivyokuwa akisema. Mwaka mmoja mama alinituma nimpelekee kuku na asali, mjomba akanichukua mpaka chini kunionyesha. Chupa zimelazwa ubavu kwenye rafu, zina vumbi, naye anazungumza kwa kunong'ona utadhani kuna mgonjwa. Mvinyo haupendi jua, akaniambia. Mvinyo haupendi kelele, ukitikiswa unachafuka, unahitaji kupumzika. Nikamuuliza, "Na dada yako je, mjomba, anapumzika?" Akacheka, akaniambia nina mdomo. Kuku wale sikuwaona tena, ila asali aliionja akasema ina moshi.

Hapo sijataja kwamba ni Mwislamu. Hilo nalimwachia yeye na Mola wake.

Ukaja mwaka wa sabini na nne. Tukahamishwa kutoka vitongojini kwetu, tukapangwa kwenye mstari, nyumba kwa nyumba, kijiji kimoja. Sikatai, wengine walifurahi, shule ilisogea. Lakini tulihama wakati wa kuandaa mashamba, na tulipomaliza kusimamisha vibanda mvua ikawa imetupita. Mahindi yaliota yakafika magotini yakakauka. Lambo likabaki tope. Watu wakaanza kuchimba mizizi porini, na watoto wakawa kimya mchana kutwa, jambo ambalo mzazi yeyote analijua maana yake.

Ndipo tukasikia kuna mahindi ya yanga, yale ya njano, yanashushwa na treni Korogwe. Wilaya ikatangaza kuwa kila kijiji chenye ghala zuri, la tofali na bati na mlango wa kufunga, kitapelekewa. Kisicho na ghala kisubiri, maana mahindi hayawezi kumwagwa chini yaliwe na mchwa na wezi. Jamani, tulijenga ghala lile kwa njaa. Wanaume walichoma tofali, sisi wanawake tukabeba maji ya kukandia udongo kutoka mbali ambako mbwa hafiki. Fundi Mikaeli, mtoto wa manamba, wale vibarua wa mkonge, aliyeoa kwetu akahamia, ndiye aliyetengeneza mlango, mbao za mvule nene, bawaba za chuma. Kijiji kizima hakikuwa na nyumba ya baridi kama ghala lile. Tulilifagia tukakaa kungoja.

Kabla ya mahindi, akaja mjomba.

Alikuja na Landrova mbele na lori nyuma, lori likiendeshwa polepole mpaka nikashangaa. Dereva wake, Kasmiri, alishuka jasho linamtoka, akanena kidogo kidogo kwamba ameagizwa asiguse shimo hata moja njiani. Ndani ya lori mlikuwa na makreti ya mbao yamefunikwa turubai. Mjomba akamwamkia Mzee Sadala, mwenyekiti wetu, akamweleza mbele ya watu kwamba hizo ni spea za korona, ile mashine ya kuchana mkonge, zimetoka Ulaya kwa fedha za kigeni, na shambani kuna wezi. Anaomba zikae kwenye ghala letu muda mfupi tu. Zilazwe vilevile zilivyo, zisisimamishwe, zisipigwe na jua.

Nani angekataa? Mtoto wetu, meneja, amekumbuka kwao. Tena alileta gunia la mchele kwa ajili ya mama. Vijana wakashusha makreti kama wanabeba mayai, mjomba akayahesabu kwa kidole, akatoa kufuli lake jipya mfukoni, akafunga, ufunguo akaurudisha mfukoni. Nikamuuliza, "Mjomba, mahindi yakija?" Akasema, "Nitakuwa nimeshazichukua."

Mchele ule mama aliugawa. Kibaba hapa, kibaba pale, kila nyumba yenye mtoto mchanga. Nilimgombeza. Akasema, "Isihaka ataleta mwingine. Wewe humjui mdogo wangu."

Mahindi yakaja. Lori lilionekana toka mbali kwa vumbi, watoto wakatoka mbio, wanawake wakapiga vigelegele, mimi mwenyewe nililia. Afisa wa chakula akashuka na karatasi zake, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ghala, akakuta kufuli. Akasema fungueni. Mzee Sadala akasema ufunguo hatuna. Akasema, basi ghala hili lina mwenyewe, halina nafasi, siwezi kushusha. Tukamwambia ashushe barazani, tutalala juu ya magunia. Akasema kwenye kijiji kingine walishusha barazani, asubuhi nusu haipo, na yeye ndiye aliyeandikiwa barua. Mikaeli akaja na shoka lake ili avunje kufuli.

Mzee Sadala akamzuia. "Hiyo ni mali ya serikali humo ndani. Ukivunja tunafungwa wote."

Na mama akasimama mlangoni, amejifunga kanga kiunoni, mikono imekuwa myembamba, akasema, "Kufuli la mdogo wangu halivunjwi. Kama amefunga ana sababu zake."

Lori likageuza. Nililiona likipanda kilima na mahindi yetu, linakwenda kijiji cha mbele ambacho ghala lao lilikuwa wazi. Afisa alisema turudi kwenye foleni, mzigo mwingine ukishuka na ghala likiwa tupu atakuja. Sikuwahi kumkasirikia mama maishani mwangu mpaka siku ile.

Kesho yake mama hakuamka kwenda kuchuma mboga za porini. Alisema miguu mizito. Nikajifunga nikaenda Korogwe kufuata ufunguo. Nilipata lori la mkaa, kutoka mjini nikatembea kwa miguu mpaka shambani, katikati ya mkonge, jua la utosini. Nilifika saa za chakula cha mchana.

Rosa, mpishi, aliniona kwa dirisha la jikoni akanivuta ndani kabla askari wa geti hajaniuliza. Akanipa ukoko wa wali na shingo ya kuku, nikala nimesimama. Jikoni mle kulikuwa na harufu ambazo nilikuwa nimeanza kuzisahau. Kuku wa kuokwa, samaki wa mtoni kwa siagi, viazi, mkate wa moto. Nikamuuliza kuna sherehe gani. Rosa akabinua mdomo, akasema, "Watu wa ukaguzi kutoka mkoani. Wamekuja kuangalia viongozi kama wanaishi kijamaa."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akaniambia kaa nikusimulie. Mjomba alikuwa amesikia kuna wakaguzi watakuja kutazama mali zilizoachwa na wazungu, zipo au zimeliwa. Akaingiwa na hofu ya mvinyo. Akausomba karibu wote, akabakiza chupa chache za kujipoza roho. Sasa wakaguzi wamekuja, wamekagua, mkubwa wao akaziona zile chache akasema, ala, kumbe kuna vitu vizuri hapa. Tangu juzi wako mezani. "Zile spea alizowaletea," Rosa akasema, akaninyooshea chupa tupu iliyokuwa kwenye beseni, "ndizo hizi."

Nakumbuka nilikuwa bado nimeshika mfupa wa shingo ya kuku.

Mjomba akaingia jikoni, kitambaa cheupe kimening'inia kifuani. Aliponiona akakunja uso.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Tatu, umechagua siku gani hii? Nina wageni."

"Nimefuata ufunguo wa ghala. Mahindi yamekuja, yamerudi."

"Yamerudi kwa nini?"

"Kwa kufuli lako."

Akashusha sauti. "Yatakuja mengine. Serikali haiwezi kuacha watu wafe."

"Mama yuko chini, mjomba. Leo hakuamka."

"Si nilipeleka mchele?"

"Aliugawa."

"Basi huo ni ukaidi wake," akasema. "Ukimpa mtu chakula akakigawa, utamfanya nini?"

Nikamwambia najua kilichomo kwenye makreti. Alitazama mlangoni kwanza, halafu akanitazama mimi, na hakuona haya hata chembe. Alianza kunieleza. Wallahi alianza kunieleza, kwa upole kama ananifundisha, kwamba mvinyo ule ni wa miaka, hauwezi kupatikana tena nchi hii, ukihamishwa ovyo unaharibika, kwamba pale kwenye ghala umepata mahali pazuri, tofali nene, baridi. Hata hivyo Jumamosi atakuja mwenyewe. Wageni wanataka kuwinda kanga kule kwetu, basi badala ya kuutikisa mvinyo mara mbili watakula na kunywa hukohuko. "Ufunguo nitakuja nao. Mwambie Mzee Sadala siku hiyo watu waende shamba la pamoja, wasijazane."

Sauti nene ikaita kutoka ndani, "Meneja, hii ya sasa ni ya mwaka gani?"

Mjomba alikimbia. Mtu mzima, meneja, ndevu zimeanza mvi, alikimbia kwenda kujibu swali la chupa. Nikamfuata mpaka mlangoni. Nikamwona anamimina kidogo, anaizungusha glasi, anaingiza pua ndani, anafumba macho. Akasema huu umetulia vizuri. Mkubwa yule akafumba macho naye. Waliponiona nimesimama, mjomba akacheka haraka haraka, akasema, "Huyu ni mpwa wangu, kutoka kijiji cha ujamaa. Sisi tunashirikiana sana na wananchi." Mkubwa akanipa mkono. Ulikuwa na mafuta ya kuku. Niliyapangusa kwenye kanga yangu nikatoka.

Njiani kurudi nilisema peke yangu. Kasmiri ndiye aliyenipakia mpaka njia panda, alikuwa anapeleka kochi la mzungu kwa fundi likavalishwe kitambaa kipya.

Nilifika nikawaambia Mzee Sadala na wenzake barazani, wala sikupunguza neno. Mzee Sadala alisema, "Haiwezekani." Wengine wakasema Tatu ana njaa, anaota. Mama akatuma mtu kwamba anataka kuona mwenyewe. Lakini kufuli lisiguswe.

Mikaeli akasema, "Mlango niliutengeneza mimi. Kufuli liko upande huu. Bawaba ziko upande ule."

Akagonga misumari ya bawaba kwa nyundo na patasi, ikatoka kwa juu, mlango akauvuta upande wa pili, ukafunguka kwa nyuma huku kufuli likining'inia palepale lilipofungwa. Tukaingia. Baridi tamu. Mahali ambapo yangekaa magunia yetu, makreti yamelala ukutani kwa mpango. Mikaeli akafungua moja, akatoa chupa kwenye nyasi kavu. Alikaza skrubu kwenye kizibo, akavuta kwa koleo, kikatoka na mlio. Akaonja, maana yeye Mkristo na hakuna wa kumzuia, akatema. Akasema ni ukwaju mbovu.

Tulimbeba mama kwa kitanda cha kamba tukamweka mlangoni. Akanyoosha mkono apewe chupa. Akainusa. Akatazama makreti yote, moja baada ya jingine, polepole, halafu akatazama watu waliokuwa wamesimama nje na vibuyu vyao. Nilingoja alie. Hakulia. Alikuwa na uso ambao sijawahi kumwona nao, hata siku baba alipokufa.

"Mwageni," akasema. "Wote. Shimoni kwenye choo, usimwagwe kwenye ardhi ya kulima. Chupa msivunje."

Mzee Sadala akauliza zifanyiwe nini.

"Mjazieni maji ya lambo, mzibe, mzirudishe zilale kama alivyozilaza. Anakuja ugenini Jumamosi, na mgeni hanyimwi maji."

Wanawake wengine walinung'unika kwamba maji yenyewe ya shida. Mama akasema ya chini ya lambo, yale yenye tope, ndiyo yatosha. Basi ikawa kazi ya kijiji. Kwa njaa ile, watu walifanya kazi kuliko siku ya shamba la pamoja. Mikaeli alizibua, vijana wakamwaga chooni, sisi tukachuja mawe kwa kanga na kujaza, yeye akaziba na kupitisha nta ya nyuki mdomoni. Vumbi tulilirudisha kwa ufagio. Mlango ukarudi kwenye bawaba, misumari ikagongwa. Kufuli la mjomba hakuna aliyeligusa.

Lakini mama, aliporudishwa ndani, aligeukia ukutani. Nilimpikia uji wa mizizi, akanywa vijiko viwili akasema mpe Amne, mtoto wa jirani. Nikamwambia, "Mama, kunywa, tafadhali." Akasema, "Nimeshiba." Alikuwa ameshiba nini? Mpaka leo nauliza.

Jumamosi walikuja. Tulisikia bunduki kwanza, porini, wanawafukuza kanga. Halafu Landrova, na lori nyuma yake, Kasmiri na Rosa ndani na meza. Meza, nakuambia. Waliiweka kwenye baraza ya ghala, kitambaa cheupe, glasi zenye mguu, uma huku, uma kule. Kanga wakachomwa palepale, mafuta yanadondokea makaa. Mzee Sadala alikuwa ameambiwa awapeleke watu shamba la pamoja. Hakuwapeleka. Watu walikuja wakakaa chini, mbele ya baraza, kimya, wanaume kwa wanawake na watoto. Hakuna aliyeomba. Wageni wakaanza kujikohoza.

Mjomba alitoa hotuba fupi ya umoja na kazi. Hakuuliza dada yake yuko wapi. Nilikuwa nikingoja hilo, nilikuwa nimejiapia kwamba akiuliza tu, akisema tu "Dada yuko wapi nikamwamkie", nitamwita pembeni nimwambie asifungue. Hakuuliza. Akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akaingia ghalani peke yake, akatoka amekumbatia chupa kifuani.

Akaifuta vumbi. Akawaeleza wageni imetoka mlima gani, imelala miaka mingapi. Akazibua kwa kile chuma chake cha kujipinda, akamimina kwenye glasi ya mkubwa. Yakatoka maji ya lambo, rangi ya chai ya maziwa.

Mkubwa akaitazama glasi. "Huu ndio ule mweupe?" akauliza.

Mjomba akaichukua ile glasi. Akaingiza pua ndani. Nilimwona anatambua. Mtu aliyelelewa Kwampembe hawezi kuisahau harufu ile, ya tope na majani na kwato za mbuzi. Akarudi ndani mbio, akatoa nyingine, akazibua, maji. Nyingine, maji. Alizibua, anamwaga barazani, anachukua nyingine, anamwaga, na maji yale yakawa yanatiririka kwenye saruji mpaka miguuni kwa watu waliokwenda kuyateka. Mtoto mmoja aliinama akaanza kuyafuta kwa kiganja na kulamba. Mama yake hakumzuia.

"Mmefanya nini?" mjomba akasema. "Mnajua mmefanya nini nyinyi? Mmeharibu mali ambayo hata hamjui thamani yake. Wajinga wakubwa. Washamba."

Mama alikuwa ameletwa. Sikujua nani alimwita. Nilimwona tu kwenye kitanda chake cha kamba, vijana wamekishika miguu. Alikuwa mdogo, hata mjomba alichukua muda kumjua.

"Isihaka," akasema, "hayo ndiyo maji niliyokuwa nikiyateka nimekubeba mgongoni. Kunywa."

Baraza zima likamtazama mjomba. Alikuwa bado ameshika glasi, ile yenye mguu, imejaa nusu. Mkubwa kutoka mkoani alikuwa ameshasimama, anatafuta kofia yake. Mjomba akamtazama dada yake, akamtazama mkubwa, na akachagua. Aliyamwaga chini, akaweka glasi mezani, akafuata Landrova. Hakumwamkia. Kanga walibaki kwenye makaa, na Rosa ndiye aliyewagawia watoto kabla ya kukunja kitambaa.

Mama alikufa Jumatatu asubuhi. Hakuna daktari aliyemwandikia kitu. Mimi naandika: njaa, na kufuli.

Kasmiri alipeleka habari, na mjomba akaja kabla hatujazika. Alikuja bila tai. Aliingia kaburini mwenyewe kumpokea dada yake, kama inavyompasa ndugu, akamlaza, akatoka, akashika jembe akafukia mpaka mwisho bila kumpisha mtu. Nasema haki yake. Alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, wala hayakunipunguzia kitu.

Alipomaliza akaja akakaa kwenye mkeka, vumbi mpaka kope, midomo imekauka. Akaniona. Aliningojea nimwamkie, maana mjomba ni mjomba. Sikumwamkia. Akasema taratibu, "Tatu, mwanangu, nipatie maji."

Nikaingia ndani. Vibuyu vyote vilikuwa vimetumika kuoshea maiti na kupikia waombolezaji. Kilichobaki ni chupa zile. Kijiji kizima tulikuwa tunawekea maji humo, zilikuwa chupa nzuri, nene. Nikachukua moja, karatasi yake ya dhahabu bado imebandikwa, nikamletea pamoja na kikombe cha bati. Kikombe hakukichukua. Aliishika chupa kwa mikono miwili, akaisoma ile karatasi, akaweka mdomo, akanywa. Alikunywa polepole, tope na yote, mpaka chupa ikawa tupu, na alipoishusha alikuwa bado ana kiu, nikamwona anaangalia mlangoni kama kuna nyingine.

Nyingine zilikuwepo. Sikumletea.

Mahindi ya yanga yalifika siku ya tatu ya msiba. Afisa alikuta ghala wazi, tupu, limefagiliwa, akashusha yote, akasaini. Uji wa kwanza uliotoka kwenye gunia la kwanza ulinywewa matangani kwa mama, na mimi ndiye niliyeukoroga.